Mzigo Usioandikwa Kitabuni: Somo juu ya Majani ya Mimea na Dawa za Zahanati

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya kamati, wafanyakazi na wanachama wa vyama vya msingi vya Musoma, Bunda na Butiama. Laweza kusomwa na mtu mmoja nyumbani kwake, lakini lafaa zaidi lisomwe kwa sauti katika kikundi, kisha maswali yaliyo mwishoni yajadiliwe. Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973, watu walipoizunguka redio, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Njia ile ya kujifunza haijazeeka.

Baada ya somo hili mwanachama aweze:

(a) kueleza flavonoidi ni nini na zinapatikana wapi katika mashamba yetu;

(b) kueleza jinsi majani ya mimea yanavyoweza kuongeza au kupunguza nguvu ya dawa ya zahanati ndani ya mwili;

(c) kuamua kwa busara, yeye na chama chake, anapoletewa dawa ya majani kuinunua.

1. KWA NINI MKAGUZI ANAANDIKA HABARI ZA DAWA

Huenda msomaji akashangaa. Kazi ya mkaguzi ni vitabu vya fedha, mizani, ghala na stakabadhi. Mambo mawili yamenisukuma kushika kalamu.

La kwanza lilitokea wilayani Bunda, katika mkutano wa chama kimoja cha wakulima wa pamba. Mfanyabiashara mmoja alikaribishwa kusema. Alikuwa na makopo ya unga wa majani. Alisema kwamba unga ule umejaa "flavonoidi", kwamba unasafisha ini na damu, unashusha shinikizo la damu na kuponya kisukari; na kwa kuwa ni majani matupu, hauwezi kumdhuru mtu yeyote, hata akiutumia pamoja na dawa za hospitali. Aliomba chama kinunue makopo 200 kwa fedha za chama, kisha kila mwanachama atakayechukua kopo akatwe katika malipo ya pamba. Mwenyekiti alinigeukia akauliza, "Ndugu mkaguzi, unasemaje?" Nilijibu upesi habari ya makisio, kwamba manunuzi hayo hayamo katika makisio yaliyopitishwa. Lakini juu ya dawa yenyewe sikuwa na la kusema, na niliona haya.

La pili lilinigusa zaidi. Katibu wa chama kimoja wilayani Butiama, mtu mwaminifu ambaye vitabu vyake sijapata kuviona na kasoro, aliugua kifua kikuu akaanzishiwa dawa. Baada ya majuma machache macho yake yaligeuka manjano na nguvu zikamwisha. Mganga alimwuliza, "Mzee, kuna dawa nyingine yoyote unayotumia?" Akajibu, "Hapana, mwanangu, ni hizi zenu tu." Dawa za kifua kikuu zikasimamishwa. Ndipo mkewe alipoifungua kanga yake akatoa chupa ya maji ya majani yaliyochemshwa mpaka yakawa mazito, ambayo mumewe alikuwa akinywa kikombe kizima asubuhi na jioni. Mganga aliitazama chupa ile, akasema kwamba dawa za kifua kikuu zenyewe zaweza kuliumiza ini, na majani yale pia yaweza, na vyote viwili kwa pamoja vyaweza zaidi. Ni kipi hasa kilichomwumiza, hakuna aliyeweza kusema, kwa sababu hakuna aliyeandika kilianza lini wala kwa kipimo gani.

Maneno yale nilirudi nayo nyumbani. Katika ghala, mzigo unaoharibu hesabu si ule mkubwa. Ni ule usioandikwa. Nikaanza kusoma na kuwauliza wenye elimu, na haya yafuatayo ndiyo niliyojifunza.

2. FLAVONOIDI NI NINI

Flavonoidi ni kundi la kemikali zinazotengenezwa na mimea. Wataalamu wamekwisha kutambua aina zaidi ya 5,000, na zote zimejengwa juu ya kiunzi cha namna moja chenye atomu 15 za kaboni. Mmea huzitengeneza kwa manufaa yake wenyewe: kujikinga na jua kali, kuwafukuza wadudu na ndege, na kuwavuta nyuki kwa rangi.

Mkulima wa pamba huziona kila msimu pasipo kujua jina lake. Ua la pamba hufunguka likiwa jeupe lenye umanjano kidogo; siku ya pili hugeuka waridi. Wekundu ule huletwa na flavonoidi za jamii ya anthosianini. Tena iko flavonoidi moja ya rangi ya manjano iitwayo gosipetini, ambayo jina lake limetokana na jina la kitaalamu la pamba, Gossypium.

Mkulima wa mtama huzijua kwa ulimi. Mtama mwekundu ulio mchungu hauliwi sana na ndege, na ndiyo sababu wengi wameendelea kuupanda mahali penye kwelea kwelea. Uchungu na ukakasi ule ni tanini, nazo tanini za mtama ni flavonoidi nyingi zilizoungana kama pete za mnyororo.

Jikoni nako zimo. Kitunguu kina kwesetini. Majani ya chai yana katekini. Chungwa lina hesperidini, na balungi lina naringini, ambayo ndiyo sababu moja ya uchungu wake. Majani ya mlonge yana kwesetini na kempferoli. Maua ya rozela hupata wekundu wake kwa anthosianini. Kwa hiyo yule mfanyabiashara hakusema uongo aliposema kwamba unga wake una flavonoidi. Lakini hata sahani ya ugali wa mtama na kachumbari inazo, na haiuzwi kwa kopo.

3. FAIDA ZAKE NA MPAKA WA FAIDA HIZO

Mwaka 1936 mtaalamu wa Hungaria, Albert Szent-Györgyi, pamoja na wenzake walidhani wamegundua vitamini mpya katika maganda ya malimau na katika pilipili, wakaiita vitamini P. Ilikuwa ni flavonoidi. Baadaye jina hilo lilifutwa, maana haikuonekana kwamba mtu hupatwa na ugonjwa maalumu kwa kuzikosa, kama apatwavyo na kiseyeye kwa kukosa vitamini C.

Hata hivyo si kwamba hazina faida. Watu walao matunda na mboga kwa wingi huugua moyo kwa nadra zaidi, na flavonoidi huhesabiwa kuwa miongoni mwa sababu, pamoja na vitamini, madini na makapi ya chakula. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Kinywaji cha rozela kimeonekana katika majaribio kushusha shinikizo la damu kwa kiasi kidogo. Lakini hakuna flavonoidi iliyothibitishwa kuponya kifua kikuu, UKIMWI wala kisukari. Anayeahidi hivyo anauza ahadi.

Iko pia hasara moja iliyo karibu nasi sana. Katekini na tanini za chai hushikamana na madini ya chuma yaliyo katika chakula, zikayazuia yasiingie mwilini. Katika majaribio, chai iliyonywewa pamoja na chakula ilipunguza chuma kinachoingia mwilini kwa nusu au zaidi. Mama mjamzito aliyepewa vidonge vya chuma kliniki, akavimeza kwa chai ya rangi, amevipunguzia kazi kabla havijaanza. Avimeze kwa maji, na chai aiache mpaka saa moja au mbili zipite. Kukoboa mtama mwekundu nako hupunguza tanini zake, kwa kuwa nyingi zimo katika tabaka za nje za punje.

4. INI NI GHALA, VIMENG'ENYA NI MAKARANI

Tuje sasa kwenye kiini cha somo. Mtu akimeza kidonge, mwili haukiachi kikae humo milele. Hukipokea, hukitumia, hukivunja na kukitoa. Kazi ya kukivunja hufanywa hasa na ini, na sehemu yake hufanywa na ukuta wa utumbo mdogo. Watendaji wa kazi hiyo ni vimeng'enya.

Tufananishe na ghala la chama wakati wa msimu wa pamba. Mzigo ukifika, karani wa mizani huupima, huuandika na kuufungia alama, ndipo lori liuchukue. Ini ni ghala. Vimeng'enya ni makarani. Figo na nyongo ni malori. Jamii kuu ya makarani hao inaitwa saitokromu P450, jina lililotolewa na Wajapani Tsuneo Omura na Ryo Sato mwaka 1962 kwa sababu ya jinsi kemikali hiyo inavyofyonza mwanga wenye urefu wa mawimbi wa nanomita 450. Binadamu ana jeni 57 za jamii hiyo. Karani mwenye kazi nyingi kuliko wote huitwa CYP3A4, ambaye hushughulikia sehemu kubwa ya dawa tunazozijua: nifedipini ya shinikizo la damu, karbamazepini ya kifafa, artemetha na lumefantrini zilizo katika ALU ya malaria, na nyinginezo.

Hapa pana jambo la kushika sana. Wenye kutengeneza dawa walipopanga kwamba umeze kidonge kimoja mara mbili kwa siku, walipiga hesabu kwa kadiri ya kasi ya makarani hawa. Kasi ikibadilika, hesabu imeharibika, ingawa mgonjwa amemeza dawa sawasawa na alivyoagizwa.

Nao makarani wale wale wanaopokea kidonge ndio wanaopokea majani. Mwili haukujengewa ghala moja la dawa za kizungu na ghala jingine la dawa za miti. Ghala ni moja.

5. KISA CHA BALUNGI

Jambo hili liligunduliwa kwa bahati, katika mji wa London ulioko Kanada. Mtaalamu David Bailey na wenzake walikuwa wakichunguza kama pombe inabadilisha nguvu ya felodipini, dawa ya shinikizo la damu. Ili watu wasitambue nani amepewa pombe na nani hakupewa, waliificha ladha yake kwa maji ya balungi. Wakashangaa kuona kwamba dawa katika damu imezidi sana kwa watu wote, hata kwa wale wasiopewa pombe. Habari ilitangazwa mwaka 1989, na mwaka 1991 wakaichapisha kwa ukamilifu: waliomeza felodipini kwa maji ya balungi walikuwa na dawa katika damu karibu mara tatu ya waliomeza kwa maji matupu. Maji ya chungwa hayakufanya hivyo.

Maana yake ni kwamba aliyemeza kidonge kimoja alikuwa kama aliyemeza vitatu. Mtu wa namna hiyo aweza kusikia kizunguzungu, akaanguka, akadhani kwamba ugonjwa umezidi, au kwamba dawa ya hospitali ni mbaya.

Nani alikuwa mkosaji? Shuku ya kwanza ilimwangukia naringini, ile flavonoidi chungu, kwa sababu katika chupa za maabara iliweza kuwazuia makarani. Lakini naringini ilipojaribiwa peke yake kwa watu, haikufikia nguvu ya balungi lenyewe. Baada ya uchunguzi wa miaka kadhaa, mkosaji mkuu alionekana kuwa kemikali za jamii nyingine, furanokumarini, ambazo humharibu kabisa karani CYP3A4 aliye katika ukuta wa utumbo. Mwili hulazimika kuajiri makarani wapya, na kazi hiyo huchukua siku moja hadi tatu. Ndiyo sababu kumeza dawa asubuhi na kunywa maji ya balungi jioni hakuondoi tatizo. Danzi nalo lina kemikali hizo.

Hata hivyo naringini haikutoka mahakamani bila hatia kabisa. Mwaka 2007 Bailey na wenzake walionyesha kwamba inawazuia wachukuzi fulani wa utumboni, ambao kazi yao ni kuingiza dawa mwilini, hata feksofenadini, dawa ya mzio, ikaingia kwa upungufu. Tunda moja basi laweza kuongeza dawa moja na kupunguza nyingine.

Somo la kisa hiki ni pana kuliko balungi. Tunda au jani si kitu kimoja. Ni mchanganyiko wa mamia ya vitu. Muuzaji hutaja kimoja chenye jina zuri, lakini ndani ya sufuria vimo vyote.

6. MAMBO MATATU YAWEZAYO KUTOKEA

Jambo la kwanza: makarani huzuiwa. Mzigo wa dawa hulundikana uani, dawa katika damu huzidi, na madhara yake huzidi. Mbali na felodipini, maji ya balungi yameonyeshwa kuongeza nifedipini, karbamazepini na artemetha katika damu, na hata prazikwanteli, dawa ya kichocho ambayo watu wa mwambao wa ziwa huko Musoma wanaijua vema.

Jambo la pili: makarani huongezwa kupita kiasi. Dawa huvunjwa na kutolewa kabla haijafanya kazi yake. Mfano mkubwa si wa mmea bali ni wa rifampisini, dawa ya kifua kikuu. Huongeza makarani wengi mno, hata mgonjwa wa kifua kikuu anayetumia dolutegravir ya VVU hupewa miligramu 50 mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Tuangalie jambo hili kwa makini: mganga anaweza kurekebisha kipimo kwa sababu dawa zote mbili zimeandikwa katika kadi. Iko mimea ifanyayo vivyo hivyo. Huko Ulaya na Marekani watu hutumia mmea uitwao kitaalamu Hypericum perforatum kwa ajili ya huzuni. Mwaka 2000 ilionyeshwa kwamba unapunguza indinaviri, dawa ya VVU iliyotumika wakati ule, kwa zaidi ya nusu. Mmea huo nao una flavonoidi zake, lakini kinachowaongeza makarani ni kitu kingine kilichomo ndani yake. Virusi wanaopigwa kwa dawa pungufu hujifunza kuizoea, na hapo dawa haifai tena.

Jambo la tatu: kazi mbili hukutana. Rozela hushusha shinikizo la damu kidogo. Kidonge nacho hulishusha. Mgonjwa anayetumia vyote viwili kwa wingi aweza kushuka kupita kiasi. Hali kadhalika dawa mbili zinazolichosha ini, zikikutana, hulichosha zaidi, kama ilivyohofiwa kwa yule katibu wetu.

Watu nao hawalingani. Makarani wa mtu mmoja ni wepesi tangu kuzaliwa, wa mwingine ni wazito. Kwa hiyo neno la jirani, "mimi nilitumia vyote na sikudhurika," ni ushahidi juu ya jirani, si juu yako.

7. MAABARA SI MWILI WA MTU

Haki inadai tuseme upande wa pili pia. Si kila jani linalomzuia karani ndani ya chupa ya maabara litamzuia ndani ya mtu. Flavonoidi nyingi hubadilishwa upesi na utumbo na ini zenyewe, hata kiasi kinachofika katika damu kikawa kidogo sana kuliko kile kilichotumika maabara.

Mlonge ni mfano mzuri. Huko Zimbabwe watafiti walikuta kwamba maji ya majani ya mlonge yanamzuia CYP3A4 katika maabara. Wakaogopa kwamba utaharibu kipimo cha nevirapini kwa watu wenye VVU, maana wengi wao walikuwa wakiutumia. Walipowapima wagonjwa wenyewe, wakatangaza mwaka 2017 kwamba unga wa majani ya mlonge haukubadilisha nevirapini kwa kiasi cha kuleta hofu. Huo ndio ukaguzi wa haki: mtuhumiwa alishukiwa, akachunguzwa, akaachiwa. Lakini aliachiwa kwa dawa hiyo moja na kwa kipimo hicho tu.

Kipimo ndicho kinachotenga chakula na dawa. Chai imenywewa na mataifa kwa karne nyingi. Lakini mwaka 2018 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilieleza kwamba vidonge vilivyokamuliwa kutoka chai ya kijani, vyenye miligramu 800 au zaidi kwa siku za katekini moja iitwayo EGCG, viliambatana na dalili za kuumia kwa ini, ilhali chai yenyewe ikinywewa kama desturi huhesabiwa kwa kawaida kuwa salama. Mmea ni ule ule. Kilichobadilika ni mzigo.

Kwa hiyo mwanachama asiogope kitunguu, mchicha, chungwa wala ugali wa mtama. Chakula chetu si adui wa dawa. Cha kuangaliwa ni unga uliokusanywa, maji yaliyochemshwa mpaka yakawa mazito, na vidonge vya majani vinavyotumiwa kila siku pamoja na dawa ya zahanati.

8. KIKOMBE CHA SAMUNGE

Hatuwezi kuzungumza habari hizi bila kukumbuka mwaka 2011. Katika kijiji cha Samunge, Loliondo, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, aliyefariki mwaka 2021, alitoa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500. Watu walikwenda kwa maelfu kutoka kila upande, na wengi wao walitoka mikoa hii ya Ziwa. Misururu ya magari ilikuwa mirefu, na wapo wagonjwa mahututi waliofia njiani au katika kungoja.

Si nia yangu kumhukumu marehemu wala kuwacheka waliokwenda. Mgonjwa hutafuta, na mtafuta hachoki. Nakumbusha jambo moja tu. Hasara kubwa haikutoka katika kikombe chenyewe, bali kwa wagonjwa walioacha dawa zao za VVU, za kisukari na za moyo baada ya kukinywa. Mtu anayeacha dawa kwa siri na mtu anayeongeza dawa kwa siri wamefanya kosa moja: wamemnyima mganga hesabu ya kweli.

9. WAJIBU WA CHAMA, WA MWANACHAMA NA WA MGANGA

Wajibu wa chama. Fedha ya chama ni ya wanachama. Kamati ikiletewa dawa ya majani kuinunua, iulize kwanza kama manunuzi hayo yamo katika makisio, na kama yanahusu shughuli ya chama. Kisha iulize juu ya usajili. Tanzania inayo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Namba 23 ya mwaka 2002, na liko Baraza la kusajili waganga na dawa zao. Muuzaji aonyeshe cheti, nasi tukisome, tusiridhike na picha yake. Tena aseme jani ni la mti gani, kipimo ni kiasi gani, na nani asitumie. Asiyeweza kujibu maswali hayo asipewe nafasi ya kuhutubia mkutano, wala mwanachama asikatwe fedha ya pamba kwa ajili yake. Tulikataa zamani maji na mchanga katika pamba. Tusikubali maneno matupu katika dawa.

Wajibu wa mwanachama. Anayetumia dawa za kila siku, hasa za kifua kikuu, VVU, kifafa, moyo, shinikizo la damu au kisukari, na mama mjamzito, asianze dawa ya majani kabla ya kumwambia mganga. Kama amekwisha kuanza, aseme. Achukue jani lenyewe au chupa yenyewe aende nayo. Asiache dawa ya zahanati kwa shauri lake mwenyewe. Akiona macho ya manjano, mkojo mweusi kama chai, kizunguzungu kisicho cha kawaida au kuwashwa mwili mzima, aende upesi kituo cha afya.

Wajibu wa mganga na mwuguzi. Wengi wao ni ndugu na watoto wetu, nao husoma kurasa hizi. Twawaomba waulize kwa upole. Mgonjwa anayekaripiwa kwa kutumia majani hataacha majani, ataacha kusema. Tiba ya asili ni urithi wetu, na taifa limeitambua: Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kina Taasisi ya Tiba Asili, iliyoanza mwaka 1974 kama kitengo cha utafiti. Elimu hizi mbili si maadui. Zinachohitaji ni kitabu kimoja cha kumbukumbu.

10. MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Taja vyakula vitano vya hapa kwetu vyenye flavonoidi. Je, kuna sababu ya mgonjwa kuviacha?

2. Mama mjamzito anameza vidonge vya chuma kwa chai ya rangi. Mshauri, na umweleze sababu.

3. Eleza kwa mfano wa ghala jinsi dawa inavyoweza kuzidi katika damu, ingawa mgonjwa hakuzidisha vidonge.

4. Muuzaji asema, "Maabara imethibitisha." Tumia habari za mlonge na za balungi kumwuliza maswali mawili.

5. Kwa nini yule katibu alimficha mganga chupa yake? Sisi wanakijiji, na waganga wetu, tungefanya nini ili asifiche?

MWISHO

Yule katibu amepona. Ilimbidi kuanza upya dawa za kifua kikuu, moja baada ya nyingine, chini ya uangalizi, na chama chake kilikaa muda mrefu bila mtu wa kufunga hesabu. Nilipokwenda kukagua mara ya mwisho, niliona juu ya meza yake daftari dogo la mistari pembeni ya kitabu cha fedha. Ameandika humo kila kidonge anachomeza, na chini yake, kwa mwandiko ule ule mzuri, kila jani. Alinieleza kwamba siku ya kliniki huenda na daftari hilo.

Ama lile ombi la makopo 200, halijaamuliwa. Litaletwa tena katika mkutano mkuu baada ya msimu, na uamuzi ni wa wanachama, wala si wangu. Nitakapoulizwa tena, "Ndugu mkaguzi, unasemaje?", nitajibu kwamba wamwulize muuzaji yale yaliyo katika sehemu ya tisa, mbele ya mkutano, na majibu yake yaandikwe katika muhtasari.